Sam Wanamaker Playhouse, London: ukumbi wa mishumaa na tanzia ya mjane wa Amalfi

Mwenye kutaka kuielewa The Duchess of Malfi, tanzia ya John Webster, mwandishi Mwingereza wa mwanzo wa karne ya 17, anaweza kununua kitabu chenye maelezo chini ya kila ukurasa, au anaweza kukata tiketi ya Sam Wanamaker Playhouse na kuitazama kwa mwanga wa mishumaa. Ukumbi huu mdogo wa mbao umeshikana na Globe, ukumbi wa wazi uliojengwa upya kwa mfano wa ule wa Shakespeare, ukingo wa kusini wa mto Thames. Ulifunguliwa Januari 2014 kwa tanzia hiyohiyo, na mwaka 2024 ukairudia na waigizaji wapya, Francesca Mills akiwa Dachesi. Tathmini hii ni ya ukumbi, si ya onyesho moja. Kinachopimwa ni kama jengo lenyewe linamfungulia mtazamaji jamii iliyoizaa tamthilia: nani alilipa, nani alikaa wapi, na kwa nini mjane kuolewa tena lilikuwa jambo la kuuana. Kwa sehemu kubwa linafungua kuliko kitabu. Lakini pako mahali linapoipamba historia, na juu ya Italia halisemi lolote.

Ganda la nje lilijengwa pamoja na Globe mpya katika miaka ya 1990, likakaa miaka bila kumaliziwa ndani hadi fedha zilipopatikana. Ukiingia unakuta fremu ya mwaloni, nafasi za watu takriban 340, jukwaa dogo upande mmoja, viti vya chini mbele yake, na ghorofa mbili za viti zinazolizunguka kwa umbo la U. Juu ya jukwaa kuna roshani ya wanamuziki. Dari imechorwa anga. Ramani iliyofuatwa inatokana na michoro iliyogunduliwa Worcester College, Oxford, katika miaka ya 1960. Kwa muda ilidhaniwa ni kazi ya Inigo Jones, msanifu majengo wa enzi ya Webster. Siku hizi inahusishwa na mwanafunzi wake, John Webb, na miaka ya 1660 hivi. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema huu ni Blackfriars, ukumbi wa ndani wa London ya Webster, uliofufuliwa, msahihishe kwa upole. Hakuna picha ya ndani ya Blackfriars iliyobaki. Huu ni mfano wa aina ya ukumbi, si nakala ya ukumbi fulani.

Kwa nini Blackfriars inatajwa kila mara? Kwa sababu ndiko tanzia hii ilikoigizwa kwanza, na King's Men, kundi la waigizaji la mfalme lililoigiza pia Globe, kabla ya mwisho wa 1614. Tarehe hiyo inajulikana kwa njia ya kuvutia: chapa ya kwanza, ya mwaka 1623, ina orodha ya waigizaji na nafasi zao, na William Ostler, aliyecheza Antonio, mume wa siri wa Dachesi, alifariki Desemba 1614. Richard Burbage alikuwa Ferdinand, ndugu yake Dachesi, John Lowin akawa Bosola, mpelelezi wa ndugu hao. Dachesi alichezwa na mvulana, maana wanawake hawakuruhusiwa kupanda jukwaa la kulipia London hadi mwaka 1660. Hilo ukumbi wa leo haukuonyeshi, na sioni kama ni hasara kubwa.

Sasa viti, maana hapa ndipo pesa inapopotea. Mabenchi mengi hayana egemeo, na tamthilia hii ikiigizwa karibu kamili huchukua saa tatu hivi pamoja na mapumziko. Mtu mwenye mgongo mbovu aulize viti vyenye egemeo au ukuta nyuma yake kabla ya kulipa, si baada. Nafasi nafuu zaidi ni za kusimama ghorofa ya juu. Kutoka huko unaona utosi wa waigizaji, na thurea, yaani vinara vikubwa vinavyoning'inia darini, zikishushwa, nyuso zinapotea nyuma ya miali. Nguzo nazo zinakata macho katika baadhi ya viti vya pembeni.

Lakini kosa kubwa zaidi la kuchagua kiti ni lile ambalo ramani ya tiketi haikuonyi. Nyuma ya jukwaa, katikati, kuna uwazi unaofungwa kwa milango au pazia. Katika tendo la nne la Malfi, pazia hilo hufunguliwa ghafla na Dachesi anaonyeshwa maiti ya mumewe na ya mwanawe. Ni masanamu ya nta, ila yeye hajui. Aliyekaa kwenye ncha ya mkono wa U, karibu kabisa na jukwaa, haoni ndani ya uwazi huo. Anamwona mwanamke anayetazama kitu, basi. Kama mwongozaji ameitumia sehemu hiyo vizuri, wewe umelipia nusu ya onyesho. Chagua viti vya chini, au ghorofa ya kwanza mahali U inapopinda, si mwisho wake. Hapo unaona uwazi wa katikati na pia unaona watazamaji wenzako upande wa pili, jambo ambalo kwa tanzia inayohusu kupelelezana lina faida yake.

Bei nazo zina somo. Katika Globe ya zamani mtu alisimama karibu kabisa na jukwaa kwa peni 1. Blackfriars iligeuza mpangilio huo: kiingilio cha chini kabisa kilikuwa peni 6, na kilikupeleka mbali, juu, ukaribu ulinunuliwa kwa bei kubwa, hadi shilingi 2 na nusu kwa vyumba vidogo vya pembeni. Fundi wa London wakati huo alipata takriban shilingi moja kwa siku, yaani peni 12. Nusu ya ujira wa siku kwa kiti kibaya! Waliojaa humo walikuwa mawakili, wanafunzi wa sheria, wafanyabiashara wakubwa, na watu wa ikulu. Sam Wanamaker Playhouse imeufuata mpangilio huu: aliyesimama yuko juu na nyuma, mwenye pesa yuko chini na mbele. Ukitoka onyesho la mchana la Globe ukaingia humu jioni ya siku hiyohiyo, tofauti ya hadhira mbili za King's Men unaielewa kwa miguu yako.

Webster mwenyewe aliijua tofauti hiyo kwa uchungu. Tanzia yake ya awali, The White Devil, iliigizwa mwaka 1612 katika ukumbi wa wazi wa Red Bull, kipindi cha baridi, ikaanguka. Katika dibaji ya kitabu alilaumu majira, ukumbi ulio wazi na wenye giza, na hadhira isiyoelewa. Malfi ikaenda kwa watu wa peni 6 na kuendelea. Baba yake Webster alikuwa mtengenezaji wa magari ya farasi karibu na Smithfield, na wakazi wa mtaa wa Blackfriars walilalamika rasmi mwaka 1619 kwamba magari ya watazamaji yanaziba njia zao. Familia iliyouza magari na hadhira iliyokuja kwa magari: mshairi huyu hakuwaandikia matajiri kutoka mbali.

Mishumaa ndiyo inayowaleta wageni wengi, kwa hiyo iangaliwe kwa makini. Kuna thurea 6 zinazopandishwa na kushushwa kwa kamba, vinara vya ukutani na nguzoni, na mishumaa inayobebwa mkononi. Inatumika nta ya nyuki, kwa sababu haitoi moshi mwingi wala harufu ya shahamu, na haidondoki ovyo kwenye mavazi. Thurea zikiwa juu, mwanga unaenea ukumbi mzima na hadhira yote inaonekana. Zikishushwa hadi usawa wa vichwa, nyuso zinawaka kutoka pembeni na dari inapotelea gizani. Mshumaa mmoja mkononi unamulika uso mmoja tu, na mwigizaji asiyejua kuushika chini kidogo ya kidevu na mbele ya kifua anajifunika kivuli mwenyewe. Hilo hutokea hata kwa waigizaji wazuri, hasa wiki za kwanza za onyesho.

Kuna jambo la kiufundi ambalo wengi hawalijui. Utambi wa karne ya 17 haukujipinda ukaungua wenyewe. Ulirefuka, ukatoa moshi, ukapunguza mwanga, hivyo lazima mtu apite kuukata kila baada ya muda. Hiyo ni sababu moja inayotajwa ya tamthilia za kumbi za ndani kugawanywa matendo yenye muziki katikati: wahudumu walikuwa wakikata tambi. Tambi za leo ni za kusukwa, ufundi wa karne ya 19, na zinajiunguza zenyewe. Kwa hiyo ukumbi unaweza kwenda na mapumziko moja tu. Inarahisisha kazi, lakini inaua mdundo aliouandika Webster. Kati ya tendo la pili na la tatu Dachesi amezaa watoto wengine wawili. Muziki ukipigwa kwa dakika chache na mishumaa ikitengenezwa, pengo hilo linakubalika. Likirukwa bila kupumua, mtazamaji anauliza hao watoto wametoka wapi. Waongozaji wengine siku hizi huongeza pia taa za umeme, kwa hiyo anayekwenda kwa ajili ya mishumaa tu asome maelezo ya onyesho kwanza.

Onyesho linalothibitisha thamani ya jengo ni la mkono. Ferdinand, pacha wa Dachesi, ameapa hatamtazama tena dada yake, hivyo anamjia gerezani taa zikiwa zimeondolewa. Anampa mkono wenye pete, pete ambayo yeye Dachesi alimvisha mumewe. Dachesi anaubusu. Anasema ni wa baridi, labda ndugu yake amechoka kwa safari. Kisha anapiga kelele waletewe mwanga, na mwanga unapofika anakuta ameshika mkono wa maiti uliokatwa. Mwaka 2014 waliuzima ukumbi wote kwa onyesho hilo, mshumaa mmoja mmoja, na watu 340 wakabaki wanasikia sauti tu. Katika ukumbi wa kawaida wenye swichi, hilo ni giza la sekunde. Humu unasubiri giza lije, unaliona likija, na harufu ya tambi zilizozimwa inabaki puani.

Hapohapo ndipo ukumbi unapoanza kupamba. Maonyesho ya Blackfriars yalikuwa alasiri, na chumba kilikuwa na madirisha. Wahudumu wa 1614 wasingeweza kuzima mishumaa yote na kuiwasha upya katikati ya tendo bila kulivunja onyesho. Aghalabu giza lilikuwa la kukubaliana: mwigizaji anaondoa mshumaa wake, hadhira inaelewa ni usiku. Giza totoro la leo ni uvumbuzi mzuri wa leo. Pili, Blackfriars ilikuwa kubwa zaidi, futi 66 kwa 46, yaani takriban mita 20 kwa 14. Tatu, vijana wa kitajiri walilipa zaidi wakakaa kwenye vigoda juu ya jukwaa lenyewe, wakivuta tumbaku na kuonyesha mavazi yao. Hebu fikiri Dachesi anauawa na kijana mwenye kofia ya manyoya amenyoosha miguu hatua mbili kutoka hapo. Ukaribu wa Sam Wanamaker ni wa heshima na kimya. Ule wa zamani ulikuwa na kelele na majivuno, na sumu yote iliyomo katika tanzia dhidi ya watu wa ikulu ilisemwa mbele ya nyuso zao.

Maana hiyo sumu imo tangu mistari ya mwanzo. Antonio anarudi kutoka Ufaransa akimsifu mfalme wa huko kwa kufukuza wanaojipendekeza, na anaifananisha ikulu na chemchemi: ikitiwa sumu kichwani, nchi nzima inakunywa mauti. Mbele ya hadhira ya London ya mfalme James I haikuhitaji ufafanuzi. Mwaka 1611 James alianzisha ubaroneti, cheo cha heshima cha kurithiwa, na kukiuza kwa pauni 1,095. Kipenzi chake, Robert Carr, alipandishwa mwaka huohuo, na Novemba 1613 akawa mkuu wa Somerset. Bosola, mpelelezi wa tanzia, ni sura ya upande wa pili wa soko hilo: msomi wa Padua, ametumikia kifungo kwenye merikebu za makasia kwa mauaji aliyotumwa na Kardinali, ndugu mwingine wa Dachesi, amerudi kudai malipo yake na anazungushwa. Anapewa kazi ya kutunza farasi wa Dachesi ili ampeleleze. Wasomi wasio na nafasi, waliosoma zaidi ya ajira zilizopo, walikuwa tatizo halisi la Uingereza ya wakati huo, na bila shaka baadhi yao walikuwa wamekaa kwenye viti vya peni 6. Mwigizaji anayemcheza Bosola kama shetani tu amekosea. Ni mtu anayedai mshahara.

Kuhusu ndoa, jengo linasaidia kwa njia usiyoitarajia. Dachesi anamposa Antonio, msimamizi wa nyumba yake, faraghani. Mtumishi wake Cariola amejificha nyuma ya pazia kama shahidi. Dachesi anasema amewasikia mawakili wakisema mapatano ya chumbani kwa maneno ya wakati uliopo ni ndoa kamili. Yuko sahihi. Kwa sheria ya kanisa la Uingereza ya siku hizo, mume na mke wakitamkiana kwamba sasa hivi wanaoana, wameoana. Kanuni za 1604 zilitaka itangazwe kanisani mara tatu au ipatikane leseni, na aliyekiuka aliadhibiwa, lakini ndoa ilisimama. Hali hiyo ilidumu hadi sheria ya 1753. Upande wa Wakatoliki, Mtaguso wa Trento ulikuwa umeshafunga mlango huo mwaka 1563 kwa kudai padri na mashahidi. Mawakili wa Blackfriars waliijua hoja hii kwa kazi yao ya kila siku, na katika ukumbi mdogo wenye mwanga kila upande unawaona watazamaji leo wakigeuziana macho Cariola anapojitokeza.

Msomaji wa Pwani hapa ataitafuta nafasi ya walii. Katika fiqhi ya Kishafii, inayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, mjane haozwi bila ridhaa yake ya wazi, lakini pia hajiozi mwenyewe. Ndoa inafungwa na walii wake. Sheria ya Uingereza haikumhitaji ndugu yeyote kwa mjane mtu mzima. Mjane alikuwa mwanamke huru kuliko wote: anamiliki mali kwa jina lake, anashtaki, na kwa kawaida anafaidi theluthi ya ardhi ya marehemu maisha yake yote. Akiolewa tena, mali yake inayohamishika inaangukia mkononi mwa mume mpya. Kwa hiyo ndugu wa Dachesi wanadai mamlaka ambayo sheria haikuwapa, na sababu moja anaitaja Ferdinand mwenyewe baada ya kuua: alitumaini kurithi hazina kubwa kama dada yake angekufa mjane. Hoja hiyo ina kasoro. Mahali pamoja Webster anataja kijana ambaye Dachesi alimzaa na mume wa kwanza, ambaye ndiye angerithi, kisha anamsahau kabisa, na mwisho wa tanzia anayewekwa mbele kama mrithi ni mtoto wa Antonio.

Hadhira ya 1614 ilikuwa na mfano hai. Juni 1610 Arbella Stuart, binamu wa mfalme, aliolewa kwa siri na William Seymour bila idhini ya James. Wote wawili walikuwa na damu ya kudai kiti cha enzi. Wakafungwa. Mwaka uliofuata Arbella alitoroka akiwa amevaa nguo za kiume, akakamatwa baharini, akafungwa Mnara wa London, akafia humo Septemba 1615. Wakati mvulana wa King's Men anacheza Dachesi gerezani, mwanamke mwenye kesi inayokaribia kufanana alikuwa nyuma ya kuta, chini kidogo ya mto huohuo. Hata masanamu yalikuwa na mwenzake: mwanamfalme Henry, mtoto wa James, alifariki Novemba 1612, na katika mazishi yake sanamu iliyovishwa nguo zake ilibebwa juu ya jeneza. Webster alimwandikia tenzi ya maombolezo, iliyochapwa 1613.

Chumba cha Blackfriars nacho kilikuwa na kumbukumbu. Kilikuwa sehemu ya nyumba ya watawa wa Kidominiko, na mwaka 1529 ndimo ilimosikilizwa kesi ya mfalme Henry VIII ya kutaka kumwacha Catherine wa Aragon, mwanamke aliyekuja kwake akiwa mjane. James Burbage alilinunua jengo mwaka 1596 kwa pauni 600, majirani wakubwa wakaandika malalamiko wakamzuia, kundi la watoto likapangishwa, na King's Men wakaingia baada ya 1608. Mjane mwingine wa ukoo wa Aragon akahukumiwa hapo, safari hii jukwaani. Sam Wanamaker haina kumbukumbu ya namna hiyo kwenye mbao zake. Ukitaka kuona mahali penyewe vuka mto, nenda Playhouse Yard karibu na Apothecaries' Hall. Limebaki jina la uchochoro tu.

Na Italia? Hapa lazima usome kabla ya kwenda, kwa sababu ukumbi huu ni wa London mtupu. Dachesi wa kweli ni Giovanna d'Aragona, mjukuu wa mfalme Ferrante wa Napoli. Aliolewa mwaka 1490 akiwa msichana mdogo na Alfonso Piccolomini, akafiwa 1498, akabaki akiitawala Amalfi kwa niaba ya mwanawe. Akaolewa kwa siri na Antonio Bologna, msimamizi wa nyumba aliyewahi kumtumikia mfalme Federico wa Napoli. Novemba 1510 aliondoka Amalfi kwa kisingizio cha kuhiji Loreto, akaungana na mumewe Ancona. Kaka yake, kardinali Luigi d'Aragona, akawaandama. Giovanna alikamatwa na kurudishwa Amalfi, hakuonekana tena. Antonio aliuawa barabarani Milano Oktoba 1513. Kardinali hakuguswa: Oktoba 1517 alikuwa Ufaransa akimtembelea Leonardo da Vinci, na katibu wake akaiandika safari hiyo bila wasiwasi wowote.

Habari ilifika London kwa mikono mitatu. Matteo Bandello aliiandika kama hadithi, iliyochapwa 1554. Belleforest akaigeuza Kifaransa akiongeza mahubiri dhidi ya mwanamke mwenye tamaa. William Painter akaitia Kiingereza mwaka 1567 pamoja na mahubiri hayo. Webster alikunja mkono akayatupa. Kwake lawama iko kwa ndugu. Ndiyo maana anayemjua Painter anashangaa zaidi kuliko asiyemjua, na ndiyo maana nasema ukumbi peke yake hautoshi.

Sehemu ya kanisa inahitaji uangalifu. Tendo la tatu lina igizo la kimya ambapo Kardinali, mbele ya madhabahu ya Loreto, anavua kofia na mavazi yake na kuvaa upanga. Kwa Waprotestanti wa London, miaka michache baada ya njama ya baruti ya 1605, Wakatoliki walipotaka kumlipua mfalme, ilikuwa burudani tamu. Mwaka 1618 Orazio Busino, kasisi wa balozi wa Venice, aliandika kwa hasira kuhusu tamthilia ya Waingereza inayomdhihaki kardinali kwa namna inayolingana sana na hii. Jukwaa dogo la Sam Wanamaker linapafanya hapa pawe na msongamano: madhabahu, mahujaji, Kardinali na familia yote ya Dachesi inayofukuzwa haviingii vizuri, na maonyesho mengi hupafupisha. Ni hasara, kwa sababu hapo ndipo hukumu ya kufukuzwa inapotolewa bila neno moja, kwa nguo tu.

Anayeishi London na mwenye marafiki wa Kiswahili ajue kwamba jukwaa kubwa la Globe, ukuta kwa ukuta na ukumbi huu, lilibeba kichekesho cha Shakespeare kwa Kiswahili mwaka 2012, kikiletwa na waigizaji kutoka Kenya. Malfi bado ni kwa Kiingereza, tena cha zamani na kigumu, na mwanga wa mishumaa hausaidii kusoma midomo. Mwenye pumu, mwenye kuogopa vyumba vilivyobanana, au mwenye mtoto mdogo achague Globe ya nje wakati wa kiangazi. Hapa mwanamke ananyongwa mbele ya macho, hatua tatu kutoka viti vya kwanza, na anazinduka kwa muda mfupi kabla ya kufa kweli.

Kwa kitabu, nunua chapa yenye maelezo na usishangae mistari mingi isiposemwa. Jalada la 1623 lilikwisha kuonya kwamba tamthilia iliigizwa faraghani Blackfriars na hadharani Globe, na kwamba kitabu kina mengi ambayo urefu wa onyesho haukuyabeba. Kama una jioni moja tu ya kusoma, soma tendo la tatu, onyesho la pili: Dachesi mbele ya kioo anachana nywele akizungumza na mumewe, asijue kwamba mumewe na Cariola wameshatoka kwa utani na anayemsikiliza nyuma yake ni Ferdinand mwenye jambia. Baada ya kulisoma, chagua kiti ambacho kutoka hapo utaona kioo na mlango kwa pamoja.